Shangazi Besi Anajibu: Usisome Boksi, Soma Fyuzi

*Shangazi, shikamoo. Nimenunua Toyota IST, sasa nataka kufunga mziki wa maana. Nimeona amplifaya ya wati 3000 na sabufa ya inchi 12, bei ambayo nikijibana naifikia. Mchumba anasema nianze na tairi. Nani yuko sahihi? – Kijana wa IST, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Mchumba yuko sahihi, ila hakuniandikia yeye, kwa hiyo tuongee mziki. Hizo wati 3000 zimechapishwa kwenye boksi, na boksi halitumii umeme. Igeuze amplifaya yenyewe, tazama upande zinapoingia nyaya, utaona fyuzi ya plastiki yenye namba. Tuseme imeandikwa 30. Injini ikinguruma, umeme wa gari ni volti 14 hivi. Zidisha kwa ampea 30, unapata wati 420. Hicho ndicho kiasi inachoweza kunywa mfululizo bila fyuzi kukatika, na kinachotoka hakizidi kilichoingia. Tena sehemu yake inageuka joto: zile za daraja la AB hupoteza karibu nusu. Ili itoe wati 3000 za kweli ingetaka zaidi ya ampea 200, wakati alteneta ya gari dogo hutoa kati ya 60 na 90 hivi, ambazo taa, feni na kompyuta ya injini nazo zinazigombania. Aliyeandika 3000 hakukosea hesabu, alikuwa anauza.

Utasema: sawa, lakini hata 400 si ni nyingi kuliko 200? Kwenye mashine ndiyo, kwenye sikio kidogo sana. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3, tofauti ambayo abiria wako wa nyuma hataiulizia. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati mara 10 hivi. Sasa tafuta namba nyingine, ile inayoandikwa kwa herufi ndogo: spika inatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1, mtu akiwa umbali wa mita 1. Kama moja imeandikwa 86 na nyingine 92, ile ya 92 ikipewa wati 50 inalia sawa na ya 86 iliyopewa 200. Yaani kwa kuchagua spika tu umeshanunua amplifaya. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye jozi moja ya spika za milango ya mbele, inchi 6 na nusu katika Toyota nyingi, zinazoridhika na wati chache ambazo redio inazo. (Redio nayo huandikwa 50 mara 4, ukweli uko karibu na 20.) Ile redio ya Kijapani iliyokuja na gari, inayoishia 90 kwenye FM, ibadilishe kama stesheni zako ziko juu ya hapo.

Kisha mlango, ambao hakuna duka linaloutangaza. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Fungua kava la mlango utakuta bati lenye matundu makubwa yaliyofunikwa kwa nailoni. Hewa ya nyuma inapita humo, inakutana na ya mbele, na besi zinauana. Ziba matundu hayo kwa zile karatasi nzito za lami zenye gundi, ila vitundu vya chini kabisa viache, ndivyo vinavyotoa maji ya mvua. Hakikisha pia chanya na hasi hazikupishana kwenye spika moja: gusisha nyaya kwa betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya, koni zote zirukie nje. Moja ikirudi ndani wakati mwenzake anatoka, besi itapotea hata ukifunga amplifaya ya kanisa.

*Shangazi, mimi ni fundi. Unatuharibia soko. Mteja anataka besi itikise kibao cha namba, na spika ya mlangoni haiwezi. – Fundi, Kariakoo*

Haiwezi, fundi, sibishi. Koni ya inchi 6 na nusu haisukumi hewa ya kutosha chini ya hezi 50 au 60, na besi ya amapiano inaishi huko. Sabufa ina zamu yake. Ninachobishia ni mpangilio. Ukiitanguliza, mteja anapata mvumo nyuma, huku sauti ya mwimbaji ikibaki kwenye spika za karatasi zilizochoka, halafu anarudi kwako kulalamika kwamba mziki haujachanganya. Na siku ya kuifunga ikifika, usibane matumizi kwenye waya. Ukwangue kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme kwa shida zaidi, kwa hiyo lazima iwe nene kuliko shaba tupu. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, maana kazi yake ni kulinda waya. Waya ukipita kwenye bati kati ya injini na dashibodi bila mpira wa kuuzunguka, mtetemo unakula ganda lake polepole. Siku waya huo ukigusa bodi, fyuzi uliyoiweka kule kwenye buti itakuwa inatazama tu gari likiungua. Mteja hataiona kazi hii, lakini ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu mwenye bisibisi.

*Auntie, mbona mathree za Rongai zinapiga mpaka madirisha yanalia? Hao hawakuanza na milango. – Abiria, Nairobi*

Hawakuhitaji. Matatu ni biashara. Vijana wanaiacha iliyonyamaza wakingoja yenye muziki, kwa hiyo spika pale ni mtaji kama ilivyo michoro na taa, na mwenye gari ameshapiga hesabu za kurudisha hela yake. Gari la mtu binafsi halirudishi kitu. Na kwa vile umejitambulisha kama abiria, nikuongezee moja. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inashauri masikio yasipewe zaidi ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15, na kutoka Rongai hadi town hakuna dereva ambaye zinamtosha, hata yule anayepitia kando ya barabara. Makanga ndiye wa kuhurumiwa zaidi, maana yeye anakaa humo kutwa. Wewe chagua kiti cha mbali na sabufa, na uvae viziba masikio.