Kadi ya Mchango Korongoni

Mpanda ni mwisho wa reli. Mkoloni aliivuta kutoka Kaliua akifuata madini ya risasi. Siku hizi treni inaondoka na mpunga na mahindi yetu. Chupa na vifungashio vikishuka hapa, vimefika. Havina tiketi ya kurudi.

Kwetu Makanyagio vinahamia korongoni. Mchana hakuna anayetupa taka. Ukiuliza, kila mtu ana shimo lake nyumbani. Ngoja saa tano usiku uone watu wazima na heshima zao wanavyopita na viroba, wakisalimiana kwa kukohoa. Kiliwekwa kibao cha faini. Kikaibwa, bila shaka kwa ajili ya bati.

Na usinitajie Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tangu Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 tushike mafagio, tumefuzu kuhamisha taka. Maduka yanafungwa, tunazibua mtaro, tope tunalilaza ukingoni, tunapigwa picha, tunakwenda kunywa chai. Gari la kuzoa tunaambiwa liko njiani. Mvua za Novemba zinalitangulia, zinarudisha kila kitu mtaroni, nasi tunajipatia kazi ya mwezi ujao. Kiangazi ni moto: nguo kwenye kamba zinanuka plastiki, ila pampasi, mkaidi yule, anatoka motoni mzima.

Juzi nikasema basi. Nikachukua kijiti, nikapekua kiroba kilichotupwa ukutani kwangu, nimjue mwenyewe. Maganda ya mihogo. Miiba ya migebuka. Mfuko laini, ule uliopigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Chini kabisa, kadi ya mchango wa harusi. Ya binti yangu! Jina la mchangiaji limeandikwa kwa mwandiko wa mke wangu: jirani wa nyumba ya tatu, aliyeniapia kwamba kadi haikumfikia, na ambaye kwenye mkutano wa mtaa alisimama kutaka faini ya wachafuzi ipandishwe.

Nikaifuta, nikampelekea. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante sana mzee mwenzangu, hii nimeitafuta mno. Vikao vinaendelea?"

Nikamwambia harusi ilishapita, binti ni mjamzito.

"Basi usijali," akasema. "Mimi nitaleta pampasi."