Mtangamano Umeshakamilika, Mheshimiwa

Kwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

YAH: MAPENDEKEZO YA WASHAURI WAELEKEZI WA MTANGAMANO

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mheshimiwa, mimi ni muuza mayai na vifaranga, raia wa nchi mwanachama, na ninakuandikia ili kukupunguzia kazi. Sarafu moja tuliyoahidiwa kwa mwaka 2024 imesogezwa hadi 2031. Vikwazo visivyo vya kiforodha vinaondolewa kwenye kila kikao, halafu kikao kinachofuata vinakutwa palepale. Nakusihi usihangaike tena. Kazi uliyokabidhiwa na Mkataba wa 1999 imeshafanyika. Haikuhitaji mfadhili kutoka Brussels, wala semina ya siku tatu yenye posho. Walioifanya ni wauza unga, wauza meno ya tembo, wavusha dhahabu na wezi wa magari, tena kwa mtaji wao wenyewe. Nashauri waajiriwe.

Nianze na jambo lililo jirani na ofisi yako. Oktoba 2017, pale Namanga, serikali ya Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vya siku moja vilivyotoka Kenya. Kosa lao lilikuwa kuvuka mpaka bila vibali, na hofu iliyotajwa ni mafua ya ndege. Soko la pamoja lilikuwa na umri wa miaka saba wakati huo. Vifaranga, kama nilivyosema, vilikuwa na siku moja. Sitaki kubishana na wataalamu wa mifugo. Ugonjwa ni ugonjwa, na kibali ni kibali. Nataka tu tuweke kumbukumbu kwamba tunaweza. Tukiamua kwamba kitu kisipite mpaka wetu, hakipiti, na moto tunao.

Sasa tuje kwenye chai. Aprili 2015 maofisa wa forodha wa Thailand walifungua kontena lililopakiwa Mombasa, ambalo karatasi zake zilisema ni majani ya chai, wakakuta takribani tani 3 za meno ya tembo. Mwezi uliofuata Singapore nao wakafungua lao: chai tena, Mombasa tena, tani 3.7. Mheshimiwa, tani tatu za meno ya tembo hazitembei kwa miguu. Ziliokotwa porini moja moja, zikalala kwenye maghala, zikapita vizuizi vya polisi na mizani ya magari, zikaandikiwa nyaraka na wakala, zikagongewa muhuri na mtu mwenye mshahara na bima ya afya, zikapandishwa melini na winchi ya serikali. Njia nzima hiyo hakuna aliyeshtuka. Aliyeshtuka yuko Asia.

Mimi nikitaka kuvusha mayai yenye thamani isiyozidi dola 2,000 napaswa kuwa na cheti cha uasili kilichorahisishwa. Na kweli kimerahisishwa, almuradi uijue ofisi, uijue saa inayofunguliwa, na uwe umezoeana na mwenye muhuri. Mpakani, beseni langu hufunguliwa kila mara. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na dawa za kulevya na uhalifu imesema miaka mingi kwamba makontena yanayokaguliwa duniani hayafiki 2 katika kila 100. Si uzembe. Utandawazi wote umesimama juu ya makubaliano hayo ya kimyakimya: sanduku la chuma lisifunguliwe, kwa sababu meli inasubiri, na kila saa meli inayosubiri kuna mtu Rotterdam au Guangzhou anapata hasara. Bandari zetu husifiwa kwa kasi, na waziri hutangaza siku zilizopungua. Hakuna waziri aliyewahi kupongezwa kwa masanduku aliyoyafungua. Beseni la mayai halina meli inayolisubiri, kwa hiyo huko ndiko bidii ya ukaguzi ilikohamia.

Wenzetu wavusha magendo wanaifahamu pia himaya moja ya forodha ya Jumuiya. Juni 2014 polisi wa Mombasa walivamia yadi ya magari wakakuta zaidi ya tani 2 za meno ya tembo. Mtuhumiwa mkuu, Feisal Mohamed Ali, alihamia Dar es Salaam kama anavyoruhusiwa mwana-Jumuiya yeyote, hadi alipokamatwa Desemba kwa msaada wa Interpol. Mwaka 2016 akahukumiwa miaka 20. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwa kasoro za ushahidi. Kesi ikiendelea, magari tisa yaliyokuwa vielelezo yaliripotiwa kutoweka. Tisa! Kifaranga kimoja tu kingetoweka Namanga siku ile, nadhani tungeundiwa tume.

Kuhusu lugha, Wakuu wa Nchi walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Hongereni. Yang Fenglan alikuwa amekwisha kukisoma Beijing na kuja nacho Tanzania miaka ya 1970, akiwa mkalimani kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Baadaye akarudi akafungua mgahawa Dar es Salaam. Mahakama ya Kisutu ilimhukumu miaka 15 Februari 2019, yeye na Watanzania wawili, kwa biashara ya vipande 860 vya meno ya tembo kati ya 2000 na 2014. Magazeti yalimwita malkia. Mimi ningemwita mhitimu bora wa diplomasia ya Kiswahili, mradi ambao Jumuiya inatafutia bajeti mpaka leo.

Baharini nako kuna somo. Kasumba inavunwa Afghanistan, inageuzwa heroini, inashushwa hadi pwani ya Makran huko Iran na Pakistan, kisha inapakiwa kwenye majahazi ambayo babu zetu waliyajua kwa tende na mazulia. Jahazi likifika huku kwetu halitii nanga bandarini. Linakaa mbali, nje ya maji ya nchi yoyote, na mashua ndogo za hapa zinakwenda kupokea mzigo. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ililikuta moja nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini katikati ya mifuko ya saruji. Desturi ya manowari hizi za ushirika wa mataifa ni kumwaga unga baharini na kuliacha jahazi liende zake na mabaharia wake, maana hakuna anayejua washtakiwe wapi. Agosti mwaka huohuo Kenya iliamua kuonyesha ukali: ikailipua baharini meli nzima iliyokutwa na heroini, Rais akishuhudia. Moshi ulipendeza sana kwenye runinga.

Novemba, hukohuko Mombasa, wakakamatwa ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, pamoja na Mhindi mmoja na Mpakistani mmoja. Tazama hapo namna itifaki inavyotekelezwa bila kikao. Baba yao aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wateja waliodhani wanauziana nao ni Wakolombia, ingawa Wakolombia wenyewe walikuwa watu waliotumwa na shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya. Kesi ilizunguka Mombasa zaidi ya miaka miwili kama feni ya mahakama, mpaka Januari 2017 walipopandishwa ndege kwenda New York. Huko walikiri makosa yao, likiwemo la kuvuruga haki, na waendesha mashtaka wakaeleza jinsi rushwa ilivyogawiwa Kenya kwa majaji, mahakimu, waendesha mashtaka na polisi. Baktash alipewa miaka 25, mdogo wake 23.

Najua Jumuiya ina Mahakama yake hapo Arusha. Lakini kwa mashauri ya aina hii, mahakama yetu ya Afrika Mashariki iko Manhattan. Hukohuko ndiko alikohukumiwa Agosti 2022 Moazu Kromah, Mliberia aliyekuwa akiishi Uganda, ambaye washirika wake walikuwa Mguinea na Wakenya, na bidhaa zao meno ya tembo na pembe za faru kutoka nchi kadhaa za Afrika. Huo ndio mfano wa shirikisho la kisiasa ambalo sisi tungali tunakusanya maoni ya wananchi kulihusu.

Kwa sarafu sitakaa sana. Wao wana dola, hawala inafikisha, na pasipo dola ipo dhahabu: inachimbwa Ituri na Kivu, inavuka mpaka bila karatasi, inapata uraia mpya kwa jirani, inatua Dubai ikiwa imetakata. Uganda imeshuhudia dhahabu ikiipita kahawa katika mauzo ya nje, na migodi yake yenyewe haitoshi kueleza ongezeko hilo. Machi 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo Mbelgiji Alain Goetz na kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Entebbe, ikiwataja katika biashara ya dhahabu ya migogoro ya Kongo. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka huohuo. Dhahabu yake ilikuwa mwanachama miaka mingi kabla.

Na magari? Mwaka 2015 Lexus moja iliibwa Uingereza. Wezi hawakujua kwamba ina kifaa cha kuonyesha ilipo, kwa hiyo ramani ikaonyesha kila kitu: Ufaransa, Oman, Mombasa, Kampala. Sisi wa Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto kama Waingereza, urithi wa ukoloni ambao mwizi wa London aliuelewa upesi kuliko mchumi yeyote. Gari lile lilifika Kampala salama. Ningependa kujua cheti chake cha uasili kiliandikwa nini.

Ni kweli washauri ninaowapendekeza wana upungufu. Wakala wa pwani mara nyingine hulipwa kwa mzigo wenyewe badala ya fedha, naye huuza palepale alipo. Ndiyo maana Tanga, Zanzibar, Mombasa na Malindi zina maskani za mateja ambazo wazee wa miji hiyo hawakulelewa nazo. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kwenda kila siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Akipata kibarua cha ujenzi ng'ambo ya mpaka, achague: kazi au dawa. Hapa sifanyi mzaha, Mheshimiwa. Hawa ndio wanaolipa ushuru wa biashara nzima, na hakuna aliyewahi kuwakatia risiti.

Wapo pia waliouzwa wenyewe. Mhasibu wa Bujumbura akitaka kazi Nairobi lazima aombe kibali, licha ya itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika 2010. Kijana wa Kampala au Nairobi mwenye Kiingereza kizuri amepata njia nyepesi zaidi: anaahidiwa kazi ya huduma kwa wateja Thailand, anapokelewa Bangkok, anavushwa mto hadi Myanmar, anafungiwa ndani ya ukuta. Kazi yake ni kuwaandikia ujumbe wa mapenzi wageni wa mbali mpaka watoe akiba zao za uzeeni. Asipofikisha kiwango anapigwa. Tiketi, viza na dalali vilipatikana kwa mkupuo mmoja, kwa sababu huko ndiko kuna kituo cha pamoja cha huduma kinachofanya kazi kweli.

Ninachoomba si kikubwa. Kikao kijacho cha mawaziri kisifanyiwe hotelini. Kifanyiwe bandarini, zamu ya usiku, kila mjumbe aoneshwe kontena moja la chai na jina la aliyelisainia. Kisha huduma anayopewa mwenye kontena tupewe na sisi wa matrei: fomu ijazwe na ofisa mwenyewe, mizani itupishe, hakimu awe ameshapigiwa simu kabla hatujafika. Kama sheria hairuhusu, basi tugawane usumbufu: sanduku lao lifunguliwe kwa bidii ileile inayofungua beseni langu. Nimeambiwa kwamba hilo litachelewesha biashara ya dunia. Mayai yangu huchelewa kila wiki, na sijaona dunia ikilalamika.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,
Muuza Mayai
(hati ya kusafiria ninayo; cheti cha uasili kinashughulikiwa)

Nakala:
Mawaziri wa nchi nane wanachama, kwa taarifa.
Mahakama ya Manhattan, New York, kwa utekelezaji.
Washauri waelekezi wanaopendekezwa, ambao naamini barua hii waliipata kabla yako.