Mpunguzie Mteja, Mama

Nasema bila kumung'unya maneno: mteja anayebishania bei ya chungu sokoni Lyulilo, jirani na Matema, ni mzalendo. Kaja na gari lenye kiyoyozi hadi ukingoni mwa Ziwa Nyasa, kalala hoteli bila kuuliza bei mara mbili, na sasa analinda uchumi wa taifa kwa kumng'ang'ania mama wa Kikisi ampunguzie shilingi mia tano. "Kwani si udongo tu huu, mama? Mmeuokota bure."

Hoja nzito hiyo. Udongo ni bure kweli. Kuuchimba, kuukanda, kuufinyanga kwa mkono, kuuanika, kuuchoma kwa kuni na nyasi huku ukiomba vyungu visipasuke, kisha kuvipakia mtumbwini kutoka kijijini kwao Ikombe, hayo ni mazoezi ya viungo, na mazoezi hayalipwi. Tena wahenga walishapitisha kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Sisi ni nani tumpe sahani?

Akirudi Dar es Salaam, mzalendo wetu atakwenda kwenye karakana ya msanii iliyofungua milango kwa wageni Jumamosi. Atainua kikombe kilichopinda mdomo, chenye alama ya dole gumba ubavuni, atatajiwa bei, atalipa kwa simu papo hapo na kuomba apigwe picha nacho. Pale habishi. Kuna divai, na kuna kadi ndogo yenye maelezo. Udongo wenye kadi haukuokotwa.

Kwa hiyo, akina mama wa Ikombe, acheni uroho. Andikeni kadi.