Sifa za Harufu ya Rangi Mbichi

Asumini na udi vimesifiwa vya kutosha na washairi wa pwani. Huko bara, na hasa Lusahunga, wilayani Biharamulo, ambako barabara kuu itokayo Kahama inagawanyika, moja ikielekea Biharamulo mjini na nyingine Ngara hadi mpakani Rusumo, ipo harufu inayostahili kasida na ambayo bado haijapata wa kuitungia. Ni harufu ya rangi ya mafuta iliyopakwa jana ndani ya chumba chenye dirisha moja. Huwapokea madereva wa malori katika nyumba za wageni, wajawazito kwenye zahanati na wanafunzi darasani, bila kubagua cheo wala kabila, na kwa ukarimu usiomruhusu mgeni kuondoka mikono mitupu, kwa maana kila mmoja hupewa walau maumivu ya kichwa.

Asili yake ni ya heshima. Rangi ya mafuta huundwa kwa unga unaotia rangi, utomvu unaoushikiza unga huo ukutani, na viyeyushi, yaani vimiminika vya jamii ya thina na tapentaini vinavyoulainisha mchanganyiko ili brashi iteleze. Unga na utomvu hubaki ukutani. Viyeyushi havina kazi tena fundi akishashuka ngazi, hivyo hugeuka mvuke na kuondoka, na kwa kuwa dirisha limefungwa kuzuia mbu, huhamia panapopatikana nafasi, ambapo ni mapafuni mwa aliyelala humo. Kutoka mapafuni huingia kwenye damu na kufika ubongoni, na ndipo vinapokuja kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha, na kwa mwenye pumu, kifua kubana. Hata ukuta ukishakauka kwa kuguswa, utomvu huendelea kuungana na oksijeni ya hewani na kutoa mvuke mwingine kwa siku na majuma. Rangi ya maji ina haya zaidi: hutoa mvuke mchache, ingawa haiachi kabisa.

Fadhila zake ndogondogo zinaweza kupitiwa haraka. Hukuza soko la maziwa, kwa kuwa mafundi wengi huamini kwamba glasi ya maziwa baada ya kazi huondoa sumu, ilhali maziwa huenda tumboni na mvuke ulikwenda mapafuni, na viwili hivyo havikupata kuonana njiani. Humwamsha dereva saa tisa usiku, akaanza safari mapema. Huifunza pua adabu pia, kwani baada ya muda mfupi pua huizoea harufu na kuacha kuilalamikia, naye mwenye nyumba hutangaza kwamba imekwisha, kumbe kilichokwisha ni taarifa.

Fadhila kuu, hata hivyo, ni ushahidi. Ukuta uliopakwa mwaka jana hauthibitishi chochote, maana huenda ulipakwa na uongozi uliopita. Risiti huweza kughushiwa. Picha huweza kupigwa kwingine. Harufu peke yake haighushiwi. Mkaguzi mwenye pua nzima hahitaji kufungua leja, kwa sababu akivuta pumzi moja mlangoni anajua kuwa fedha zimetumika, anajua zimetumika lini, na kwa uzoefu kidogo anaweza kukadiria siku zilizobaki kabla ya 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Taaluma hii ya ukaguzi kwa pua ingestahili kufundishwa vyuoni na kuwekewa viwango: harufu hafifu iwe mradi unaosuasua, harufu ya kukohoza iwe mradi uliokamilika, na harufu ya kutoa machozi iwe mradi wa kupigiwa mfano, hasa machozi hayo yakimtoka mgeni rasmi, ambapo taarifa itaandika kuwa ni ya furaha.

Ushahidi wa namna hii ulihitajika sana mwishoni mwa 2021, pale mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulipogharimia, pamoja na mengine, madarasa 15,000 nchini, yawe tayari kwa muhula wa Januari 2022. Mkopo ulihusu mapambano dhidi ya UVIKO-19, ugonjwa wa njia ya hewa, na kupunguza msongamano wa wanafunzi lilikuwa jambo jema lisilobishaniwa. Lakini kalenda ya miezi mitatu hubana kazi ya mwisho, na kazi ya mwisho katika ujenzi ni rangi. Saruji isiyokauka humwangukia mtu hadharani; rangi isiyokauka humdhuru kimyakimya, kwa hiyo siku zinazokatwa ni zake.

Hapa kasida inakwama. Ukuta wa darasa hupakwa rangi ya mafuta sehemu ya chini, kiasi cha mita moja na ushee, ili alama za mikono zifutike kwa kitambaa, na kimo hicho ndipo ilipo pua ya mtoto wa darasa la kwanza aliyeketi, ambaye kwa kila kilo ya uzito wake huvuta hewa nyingi kuliko mwalimu wake. Fundi naye hujifunga fulana puani, ambayo huzuia vumbi kidogo na haizuii mvuke hata chembe, ingawa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri kumpa vifaa vya kujikinga, na ingawa tangu 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la kwanza, yaani la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo unawahusu wanaoishi kwa kazi hiyo, si aliyelala gesti usiku mmoja. Lakini fundi ndiye anayeambiwa amalize leo usiku, madirisha yakiwa yamefungwa vumbi la barabarani lisichafue kazi, kwa sababu kesho kuna uzinduzi. Huo ni upuuzi, na harufu haina hatia ndani yake.

Mwenye hatia ni ratiba. Orodha ya gharama za ujenzi huhesabu ndoo, brashi na posho, na ni nadra kuikuta siku ya kufungua madirisha, ambayo haigharimu hata senti. Mgeni rasmi hukata utepe, huingia, husifu weupe wa ukuta na kutoka baada ya dakika tano, kwa kuwa anasubiriwa kata ya pili. Itifaki ingeweza kuongeza kipengele kimoja tu: baada ya utepe, mgeni rasmi aketi dawati la mbele, mlango ufungwe, asome pamoja na wanafunzi vipindi viwili vya dakika 40. Afisa wake angegundua siku hiyohiyo kwamba tarehe ya uzinduzi, iliyosemekana haisogezwi, inaweza kusogezwa wiki tatu.