Auzaye Yu Huru: Muhadhara wa Profesa Aliyejipa Cheo

Waheshimiwa wageni, wazee wa mji, na nyinyi akina mama mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti ni vya kulipia: asalaam aleikum.

Mimi ni Profesa. Cheo hiki sikupewa na chuo kikuu chochote. Nilijipa mwenyewe, nikajipongeza, na nikajishukuru. Huo ndio uhuru wa mtu binafsi. Kisha nikachapisha kadi na kuanza kutoza ada. Hiyo ndiyo biashara. Mnaona viwili hivi vinavyopendana! Basi kanuni yangu, ambayo ulimwengu unachelewa tu kuipigia magoti, ni hii: auzaye yu huru. Ushahidi wote uko hapahapa, baina ya Mtwapa na Marereni.

Ushahidi wa kwanza ni twiga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme Yongle wa China twiga mzima, na Wachina wakamshangilia wakidhani ni mnyama wa baraka wa hadithi zao. Tazameni uhuru huo: mnyama wa nyika kuvuka bahari bila kulipa nauli! Wapo wakorofi watakaouliza kama mwenyewe alitakwa shauri. Twiga si mnyama wa makelele, na anyamazaye amekubali. Msingi huo umewafaa wafanyabiashara wengi tangu siku hiyo.

Ushahidi wa pili ni mtama na ufuta. Kuanzia miaka ya 1860, chini ya masultani wa Zanzibar, Malindi ilifufuka ikawa ghala la nafaka, na majahazi yakajaa shehena za kwenda Uarabuni. Bei huru, pepo huru, bahari huru! Waliolima tu ndio hawakuwa huru, lakini hilo ni jambo dogo la kiutawala. Na nani aliyekuwa karibu na biashara kuliko wao, waliokuwa na bei yao wenyewe? Kwa nini basi wengine walitoroka, wakajilimia mashamba yao Fuladoyo, mbali na mabwana zao? Nimelitafakari swali hilo kwa kina. Ni ukosefu wa elimu ya uchumi.

Ushahidi wa tatu ni Wagiriama, nao ndio unaoninyima usingizi. Watu hawa walilima kaskazini ya mto Sabaki, wakavuna mahindi na mtama, wakawauzia wachuuzi wa pwani. Walikuwa wanauza, na walikuwa huru. Kanuni yangu ikitembea kwa miguu miwili! Mngedhani serikali ya Mwingereza, iliyosifu biashara asubuhi na jioni, ingewapa nishani. La. Ilimtuma Bwana Arthur Champion akusanye kodi na vibarua wa mashamba makubwa ya pwani. Lakini mtu mwenye mahindi ya kuuza, kwa nini auze mgongo?

Mwaka 1913 mama wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, aliwaapisha watu wasitoe vijana wao kwa vibarua hivyo. Akakamatwa, akapelekwa Kisii. Akatoroka, akarudi kwao. Agosti 1914 Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ikalipuliwa kwa baruti, na watu wakafukuzwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, kule kwenye rutuba. Hitimisho langu la kitaalamu: serikali iliwapunguzia mzigo. Zamani walihangaika kuchagua wauze mazao au wauze jasho. Sasa hawakuwa na haja ya kuchagua.

Wala msiniambie habari za ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtambua mwenye madai na ushahidi wake. Ambaye babu zake walizikwa palepale bila karatasi, hilo ni kosa la babu zake. Ndiyo maana hadi leo Malindi na Kilifi mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya kiwanja. Yuko huru kabisa: aweza kuuza mlango, madirisha, hata mabati. Kilicho chini ya nyumba tu ndicho asichoweza.

Naona mkono kule nyuma. Ni mama wa mahamri. Anauliza: "Mwanangu, na yule ambaye hana cha kuuza ila yeye mwenyewe, kanuni yako yamwitaje?"

Swali zuri, mama, ila umeliuliza bure. Swali ni shilingi mia mbili, na jibu huuzwa mbali. Huna? Basi nitachukua mahamri sita, na hesabu zetu zitakuwa zimekwisha.

Ati nini? Mahamri yako huniuzii, wala hunipi? Wazee, mwoneni huyu! Ana chake, ana wateja wake, na mimi hanihitaji! Askari wa kanjo wako wapi? Hebu waje wamuulize leseni.