Sifa za Jibu "Hilo Si Letu"

"Hilo si letu" ni jibu la maneno matatu ambalo ofisi ya serikali humpa mwananchi anayeomba huduma. Linapatikana Kenya nzima, lakini hunawiri zaidi pale ambapo serikali mbili zimepanga nyumba moja, na kwa hilo Changamwe haina mfano. Eneo hili la Mombasa bara lina wadi tano: Port Reitz, Kipevu, Airport, Changamwe na Chaani. Ndani yake mna sehemu ya bandari, uwanja wa ndege wa kimataifa, njia ya reli, mitambo ya umeme ya Kipevu, matangi ya kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoacha kusafisha mwaka 2013, na barabara kuu iendayo Nairobi. Hivyo vyote viko mikononi mwa serikali kuu na mashirika yake. Mna pia taa za mitaani, mitaro, madarasa ya chekechea na nyumba za kupangisha zilizojengwa enzi za manispaa, ambazo ni za kaunti. Na kila alfajiri, baina ya malori ya kontena na tuktuk, hupita watoto waliovaa sare wakitafuta njia ya kufika shuleni. Bila watoto hao jibu hili lingekosa kazi kwa nusu ya mwaka.

Nasaba yake si ya juzi, ingawa ujana wake ulikuwa mgumu. Mwaka 1970 serikali kuu iliyapokonya mabaraza ya kaunti ya wakati ule shule za msingi, afya na barabara, ila manispaa kubwa, Mombasa ikiwamo, ziliachiwa zake. Kwa hiyo kwa miaka mingi mzazi wa Changamwe aliyekuwa na neno kuhusu shule, mtaro au taa alimwendea diwani, na diwani alikwenda manispaa. Mara nyingi hakusaidiwa. Lakini alijua ni nani aliyekataa kumsaidia, na maarifa ya namna hiyo ni hatari kwa utulivu wa ofisi yoyote.

Katiba iliyotangazwa Agosti 2010 iliondoa hatari hiyo. Jedwali lake la Nne linagawa kazi baina ya serikali kuu na kaunti, nalo ndilo shina ambalo jibu hili limeota. Shule za msingi na za sekondari zikawa za serikali kuu. Kaunti ikapewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Kaunti ikapewa pia barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani na mitaro ya maji ya mvua mjini. Serikali kuu ikabaki na barabara kuu za taifa, reli, viwanja vya ndege na sheria za trafiki. Ukilisoma jedwali lote kutoka juu hadi chini, utaona shule zina mwenyewe na usafiri una mwenyewe. Usafiri wa kwenda shule haukutajwa popote, na waandishi wa jibu hili, kama walikuwapo, wanastahili pongezi kwa kuliachia uwazi huo.

Ubora wa kazi hiyo huonekana vizuri barabarani. Mfano ni ndugu wawili wanaotoka Chaani wameshikana mikono. Mdogo ana miaka mitano na yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Mkubwa ana saba na yuko gredi ya pili. Mara nyingi madarasa ya watoto wa umri huo yamo ndani ya ua mmoja, kengele ni moja na mama yao ni mmoja. Kisheria, hata hivyo, mdogo ni wa kaunti na mkubwa ni wa serikali kuu. Januari ifuatayo, mdogo atakapoingia gredi ya kwanza, atahama serikali bila kuhama ua. Wakiondoka nyumbani kungali na giza, taa inayopaswa kuwamulikia ni ya kaunti, na askari wa trafiki anayepaswa kuwavusha ni wa serikali kuu. Wakifika barabara kuu, lami ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Njia ya ndani waliyotokea huenda ikawa ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au ya kaunti, kutegemea herufi iliyopewa katika mgawo wa barabara uliotangazwa Januari 2016, kwa hiyo mama anayetaka kulalamikia shimo lililo mbele ya mlango wake shuruti kwanza ajue alfabeti ya barabara. Mvua za masika zikijaza dimbwi, mtaro wa mjini ni wa kaunti, isipokuwa ukiwa umeambatana na barabara ya wenyewe. Wakiamua kupanda matatu, steji iko chini ya kaunti na leseni ya gari imetoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Nauli hupangwa na wenye gari, nayo hupanda mvua inaponyesha. Makanga anayemzuia mtoto mlangoni ili kiti akalie mtu mzima mwenye nauli kamili hana mwenyewe kabisa. Katika safari yote hiyo, kitu pekee kisicho na ubishi wa mamlaka ni mkono wa mkubwa ulioushika wa mdogo.

Hapa inafaa kutaja uadilifu wa jibu hili, ambao wakosoaji wake huupita kimya. "Hilo si letu" si uongo. Ofisa wa kaunti anayemwambia mama, "Mama, shule ya msingi si yetu, nenda kwa serikali kuu," anasema kweli tupu, na akitaka anaweza kuonyesha ukurasa. Ofisa wa serikali kuu anayemwambia, "Mama, magari ya abiria na steji ni mambo ya kaunti," naye anasema kweli. Mama amepewa kweli mbili kwa siku moja, na bado hajapata gari. Ahadi ya mwanasiasa ingeweza kumpa matumaini kisha ikamvunja moyo. Jibu hili humrudisha nyumbani na moyo wake vilevile alivyokuja nao.

Makazi ya jibu ni ofisi na vikao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilileta wasimamizi wa kaunti ndogo na wa wadi. Mwaka uliofuata sheria nyingine ikawathibitisha makamishna, manaibu wao na machifu kama macho ya serikali kuu. Changamwe basi ina ngazi mbili kamili za wakubwa, mmoja mmoja sambamba, na mtu anayepigwa danadana ana uwanja wa kutosha. Chifu akiitisha baraza, watu watauliza juu ya taa, na chifu atasema taa ni za kaunti. Msimamizi wa wadi akiitisha kikao cha maoni, watu watauliza juu ya walimu, naye atasema walimu ni wa tume ya walimu, TSC. Hakuna shaka kwamba wakibadilishana vikao wote wawili watajibu kila swali barabara, lakini utaratibu haujafikia huko.

Kikao cha maoni ndicho kilele chake. Katiba inaamuru wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha, na kalenda ya bajeti ya kaunti haimpi mtu nafasi ya kupumzika: mpango wa maendeleo wa mwaka hadi tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha hadi 28 Februari, makadirio hadi 30 Aprili, na bajeti kupitishwa kabla Juni haijaisha. Kila hatua ina mlango wa maoni. Mzazi anaweza kusimama, akashika kipaza sauti, akaomba kivuko salama cha watoto au basi la mtaa, akapigiwa makofi, akaandikwa. Kisha jibu linakuja kwa upole, mara nyingi likitanguliwa na shukrani: swali ni zuri sana, ila hilo si letu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kikao hiki huulambisha mkono mtupu mbele ya mashahidi, na kila mmoja hutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio.

Kwa upande wa fedha, jibu hili ni la bei nafuu kuliko huduma yoyote. Halihitaji zabuni, halichakai wala halinywi mafuta. Wanaodhani serikali mbili zinalikimbia jukumu kila mahali wanakosea. Palipo na pesa hulifukuzia. Mwaka 2024 wabunge na kaunti walivutana juu ya Sh10.5 bilioni za ushuru wa mafuta wa kutunza barabara, na siku hizo msamiati uligeuka ghafla ukawa "hilo ni letu". Barabara zenyewe, zikiwa mbovu vilevile, zilisubiri nje.

Nchi zilizokosa jibu hili hulazimika kutumia vipimo. Uingereza sheria huitaka serikali ya mtaa impe mtoto usafiri wa bure ikiwa shule yake ya karibu inayofaa iko zaidi ya maili 2, au maili 3 akishatimiza miaka 8. Ofisa wa huko anapoulizwa hana budi kuchukua ramani na kupima, kazi inayochosha. Marekani mambo ni mabaya zaidi: wilaya za elimu zina mabasi yao wenyewe. Rangi yao ya njano ilikubaliwa mwaka 1939 katika mkutano ulioitishwa na Frank Cyr kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ili dereva mwingine azione herufi nyeusi za basi mapema asubuhi. Kenya ilipenda wazo hilo ikaliingiza katika sheria ya trafiki mwaka 2017: gari la shule lazima liwe la njano. Sheria ilileta rangi. Gari lenyewe liliachwa kwa shule na wazazi, na wengi wa wazazi wa Changamwe wangeridhika na la rangi yoyote. Dar es Salaam walichagua njia ya katikati, ambako mamlaka ya usafiri huweka nauli maalumu ya mwanafunzi, na makondakta hujibu kwa kuondoa daladala kabla wanafunzi hawajaufikia mlango.

Jibu hili lina maadui. Wa kwanza ni mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, CDF, ulioanza mwaka 2003, ambao umenunulia shule nyingi za sekondari mabasi. Basi la namna hiyo lina kasoro ya kuonekana. Likishaegeshwa uani, huwezi kusema halipo. Bahati nzuri kwa jibu letu, mahakama zimeanza kuuliza mfuko huo ni wa nani: Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria yake ya zamani Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha ile ya 2015 pia, kwa hoja ambazo mojawapo ni mpaka baina ya serikali hizi mbili. Adui wa pili ni kaunti zenye huruma zilizozoea kutoa basari kwa wanafunzi wa sekondari. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizikumbusha kwamba sekondari si kazi yao, na kwamba zikitaka kuendelea sharti ziwe na makubaliano na serikali kuu. Kaunti zilipinga na suala likafika mahakamani, lakini kwa mara ya kwanza wenye kulitumia jibu walionja utamu wa kulisikia.

Makubaliano hayo ndiyo adui mkubwa kuliko wote, nayo yamo ndani ya Katiba ileile. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi yake kwa mapatano, na cha 189 kinazitaka zishirikiane. Karatasi moja ingetosha kusema kwamba kaunti itaendesha gari la watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tisa kutoka mtaa wa Migadini, Changamwe, na serikali kuu italichangia mafuta. Mlango huo umekwisha kutumika: Februari 2020 Kaunti ya Nairobi iliikabidhi serikali kuu afya, usafiri, ujenzi na mipango ya mji, kazi zikipanda kutoka chini kwenda juu. Na ng'ambo ya pili ya Mombasa, Likoni, upo mfano wa mapatano yasiyohitajika: jedwali linataja feri miongoni mwa kazi za kaunti, ilhali feri zenyewe zimeendelea kuendeshwa na mashirika ya serikali kuu, nazo huvusha wanafunzi kila asubuhi bila ya mtu kuomba kuonyeshwa ukurasa.