Fadhila za Tope Jekundu

Waandishi waliotangulia kufika Hawaii wamezimaliza sifa za bahari, minazi, machweo na mashada ya maua, hata mgeni ashukapo katika uwanja wa ndege wa Honolulu huwa amekwisha kuyaona yote kwa macho ya watu wengine. Mimi niliyezaliwa Mombasa, nikaolewa na askari wa jeshi la Marekani, kisha nikamfuata hadi kisiwa cha Oahu kwa hati ya uhamisho ambayo mke haulizwi rai yake, sikuweza kuingia katika mastaajabu hayo kwa moyo mkunjufu. Minazi tunayo, embe tunazo, na kwa insafu nasema ni tamu kuliko zao, na bahari ya samawati tumeamka nayo tangu utotoni, bila ya kutafuta pa kuegesha gari ili tuitazame. Kitu kimoja tu nilikikuta huko ambacho sikukizoea, nacho, kwa dhuluma ya wasifu wote waliopita, hakijatungiwa hata ubeti mmoja: ni tope jekundu la njia za milimani.

Najua msomaji wa Voi ataruka kutoka kitini akisema kwamba wekundu wa ardhi si miujiza, na kwamba ndovu wa Tsavo wameoga rangi hiyo kabla ya jeshi lolote la Marekani kuzaliwa. Namkubalia wekundu, simkubalii ung'ang'anizi. Udongo wa Voi nimeupita mara nyingi nikiwa ndani ya basi, madirisha yamefungwa, nao ulinionyesha heshima kamili. Tope la Oahu halina tabia hiyo ya kukaa mbali na mtu. Likikushika limekushika, na hata pale unapodhani mmekwisha kuagana, utalikuta nyuma ya sikio.

Kwa kuwa desturi ya kumsifu mtu mtukufu ni kuanza kwa nasaba yake, na nianze hapo. Baba wa tope hili ni moto. Oahu ilijengwa na volkano mbili kubwa, Waianae upande wa magharibi na Koolau upande wa mashariki, zilizoinuka kutoka chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, zikatapika mawe yaliyoyeyuka hadi zikachoka; na tangu zilipozima, mvua na joto havikupumzika kuuozesha mwamba ule mweusi, na chuma kilichokuwa ndani yake kikashika kutu. Basi anayetia mguu wake ndani ya tope hili ametia mguu ndani ya kutu ya mlima mzima. Watalii hupanda ndege kwenda kisiwa kikubwa ili wautazame moto wa Kilauea, wakirudi wanausimulia kwa sauti ya kunong'ona kana kwamba wamemwona sultani, wala hawajui kwamba mwamba mbichi wa huko ni mtoto, na kwamba mzee wa ukoo ni huyu waliyemfuta katika viatu vyao kabla ya kuingia hotelini.

Mlezi wake ni upepo. Unatoka kaskazini-mashariki, na manahodha wetu wangeuita kaskazi pasi na shaka, ila huu hauna kusi wa kuupokea zamu: huvuma karibu mwaka mzima, ukabeba mvuke wa bahari na kuugonga katika kuta za Koolau, nao mvuke ukapanda, ukapoa, ukamwagika. Ndiyo maana Waikiki hukaa kavu kwa raha ya wageni, ilhali mwendo mfupi tu kutoka hapo, ndani ya bonde la Manoa, mvua hunyesha kwa ukarimu usiojua haya, na njia iendayo kwenye maporomoko ya maji huwa katika hali ambayo mtu mwenye viatu vyeupe huitazama mara moja akakumbuka shughuli aliyoiacha nyumbani.

Sisi tulipewa kota katika kambi ya Schofield, iliyoanzishwa mwaka 1908 juu ya uwanda ulio baina ya safu hizo mbili za milima, karibu na mji wa Wahiawa ambako James Dole alianzisha kampuni yake ya mananasi mwaka 1901. Hapo tope halingoji ulifuate. Wakati wa kiangazi huja lenyewe katika sura ya vumbi, likapita chini ya mlango, likakaa juu ya pazia, juu ya mtungi wa maji, juu ya vazi la bwana lililokwisha kupigwa pasi. Na mvua ikinyesha hurejea katika daraja yake ya asili. Laiti wanadamu wangalikuwa na uaminifu wa kumtembelea jirani kwa kiasi hicho, wake wa askari wasingalilia upweke.

Na hapa ndipo fadhila yake kubwa inapoanza. Msomaji asiyeishi kambini huenda asijue kwamba cheo cha mume, ijapokuwa sheria haimpi mke hata uzi mmoja wa cheo hicho, humfuata mkewe mpaka dukani, mpaka shuleni kwa watoto, mpaka katika karamu ya chai ambapo mke wa kanali hukaa mahali fulani na mke wa koplo hukaa mahali pengine, na hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Siku za waume kwenda mazoezini kwa majuma kadhaa, au kupelekwa ng'ambo kwa miezi, baadhi yetu tulikuwa tukikusanyika asubuhi baada ya watoto kuingia shuleni, tukaenda kutembea. Na njia tuliyoipenda ilikuwa ile ya mzunguko wa Aiea, ipitayo chini ya mikaratusi, juu ya mizizi iliyochomoza ardhini, karibu na bonde lenye mabaki ya ndege ya kivita iliyoanguka mwaka 1944. Tulipoanza matembezi tulikuwa na safu, na kila mmoja alijua nani wa kumpisha. Baada ya mteremko wa kwanza wenye utelezi safu ikavunjika. Mama mmoja wa makamo, ambaye mumewe alikuwa akipigiwa saluti na nusu ya kambi, aliketi chini ghafla bila ya kukusudia, akaendelea kuteremka kwa kuketi vile vile hadi alipomkuta binti wa miaka ishirini, mke wa kuruta, aliyetangulia kuteremka kwa njia hiyo hiyo. Wakatazamana. Tangu siku ile waliitana kwa majina yao, na yule binti, ambaye alikuwa mjamzito na mbali na mama yake mzazi, alipata mtu wa kumpeleka hospitali usiku. Makasisi na washauri nasaha wa jeshi huandaa mikutano mingi kwa ajili ya kuleta suluhu ya namna hii. Tope lililifanya jambo hilo kwa mteremko mmoja.

Tena linafunza adabu ya mwendo. Kuna njia kavu katika kisiwa, nazo nimezipita: ile ya Diamond Head, iliyochongwa mwaka 1908 kwa ajili ya ulinzi wa pwani, na ile ya Koko, ambapo mataruma ya reli iliyokuwa ikipandisha vifaa vya askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yamegeuka kuwa ngazi ya vipande zaidi ya 1,000. Huko utawaona watu wakipanda upesi, masikio yamezibwa kwa muziki, macho katika saa za mkononi zinazowahesabia mapigo ya moyo, wala hawaitiki salamu. Mtie mtu huyo huyo katika tope la Manoa, utaona jinsi anavyolainika: atasimama, atakuuliza hali ya njia iliyo mbele, atakupa mkono, atakutakia salama, na akianguka mbele yako mtakuwa jamaa. Wenyeji wenye hekima huvaa viatu vyenye meno ya chuma, nao hupita wima kwa utulivu; lakini nimewachunguza, na sikuona kwamba wana marafiki wengi njiani.

Bwana wangu, ambaye serikali kuu imetumia mali nyingi kumfunza kutambaa chini ya seng'enge, kuruka kutoka ndegeni na kulala porini, hakuwahi kurudi nyumbani akiwa na suruali safi kuliko yangu. Silisemi hili kwa kumdhalilisha. Nalisema kwa sababu ni ushahidi.

Wapo watakaosema kwamba kitu hiki ni uchafu, na uchafu hauna manufaa. Hao hawajala. Katika mabonde yenye vijito, Wahawaii tangu enzi wamelima katika majaruba yaliyofurika maji mmea wauitao kalo, ambao sisi tunaujua kwa jina la jimbi au gimbi, na mizizi yake huchemshwa ikapondwa kuwa uji mzito uitwao poi. Tope la majaruba ni jeusi zaidi, lakini ni binamu wa hili letu, na hadhi ya binamu humfikia mtu. Wao husimulia kwamba Haloa wa kwanza, mwana wa Wakea na Hoohokukalani, alizaliwa mfu, akazikwa, na kutoka kaburini pake ukaota mmea wa kalo. Ndugu yake aliyezaliwa baadaye, akapewa jina lile lile, ndiye babu wa wanadamu. Kwa hiyo katika nyumba ya Mhawaii jimbi ni kaka mkubwa, na udongo uliomlea si kitu cha kukanyagwa kwa dharau. Mama yangu aliyeyatia majimbi katika nazi miaka yote hiyo hakujua kwamba anampika mtu wa heshima kiasi hicho.

Hata chumvi hulihitaji. Huko Hanapepe, katika kisiwa cha Kauai, ziko familia zilizorithishana vitanda vya chumvi kizazi baada ya kizazi. Maji huanikwa juani katika vitanda vya udongo, na sehemu ya chumvi inayopatikana huchanganywa na udongo mwekundu uitwao alaea, ikawa na rangi kama ya tofali. Chumvi hiyo kwa desturi haiuzwi: hutolewa hidaya, au hubadilishwa kwa kitu kingine. Atakayecheka kwamba watu hao wanakula udongo, na aende kwanza katika soko lolote la Afrika Mashariki, akawaulize waja wazito wananunua nini katika vile vifuko vidogo.

Nalo ni fundi wa mavazi. Kauai husimuliwa kwamba tufani ya Iniki ilipokipiga kisiwa hicho tarehe 11 Septemba 1992, tope liliingia katika nyumba iliyokuwa na shehena ya fulana, likazitia madoa yasiyotoka kwa sabuni wala kwa dua. Na mwenye mali, badala ya kulia, akaona kwamba rangi isiyofutika ndiyo ile ambayo watia rangi wa dunia nzima huitafuta kwa gharama. Leo fulana zilizotiwa rangi kwa udongo huo ni biashara, na mgeni hutoa fedha zake kununua doa ambalo wanangu waliniletea bure kila Jumamosi.

Insafu inanilazimu nizitaje hila zake pia. Lina vijidudu vya maradhi ambayo Tanzania yalipata kujulikana kama homa ya mgunda, hivyo mwenye kidonda asilikanyage bila ya kinga, wala asinywe maji ya kijito kilicho karibu nalo. Na katika miaka ya karibuni imejulikana kwamba chini ya soli za viatu hubeba kuvu inayoua miti ya ohia, ule mti wenye ua jekundu ambao misitu ya huko inautegemea. Kwa hiyo katika milango ya njia nyingi zimewekwa brashi, na kila apitaye husugua viatu vyake na kuvinyunyizia spiriti, kabla na baada. Maadui wa tope huileta habari hii kwa furaha. Mimi naona wanajishtaki wenyewe, kwa kuwa tope halina miguu. Kutoka msitu hadi msitu limebebwa na sisi. Zaidi ya hayo, sikupata kuona jambo jingine lililowafanya Wamarekani wainame kwa pamoja kimya kimya, tajiri na maskini, wakisafisha viatu vyao kwa ajili ya uhai wa mti.

Kuvua viatu mlangoni, desturi ambayo sisi watu wa pwani tumeirithi na kuitetea ugenini kwa taabu, huko ni kanuni ya kila nyumba, na sina shaka kwamba tope limechangia kuihifadhi. Barazani mwa kila kota utakuta kandambili zimepangwa kwa ukubwa wake, nawe kwa kuzihesabu utajua nani yumo ndani kabla ya kubisha hodi. Katika vituo tulivyokaa kabla ya hapo nilikuwa nikiwaomba wageni wavue viatu, nao wakinitazama kama mtu mwenye wasiwasi. Oahu sikuomba.

Hati mpya imekuja. Tunahamishiwa bara, mahali ambapo wenyeji husifu theluji, na mafundi wa kufunga mizigo watafika kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeambiwa, na ni kweli kwa mujibu wa sheria za kilimo za Marekani, kwamba udongo wa Hawaii haruhusiwi mtu kuuvusha kwenda bara. Mananasi yaliyokaguliwa hupita, maua mengi hupita, mke wa askari hupita, lakini tope hubaki, kama mtu wa daraja ambaye nchi haimtoi. Nimetii. Nimesugua buti, baiskeli, magurudumu ya gari la mtoto na nguzo za hema kwa mswaki wa meno. Zulia la sebuleni mkaguzi wa kota amelitazama kwa muda mrefu, akaandika jambo katika daftari lake, na bila ya shaka tutalilipia. Zimebaki soksi za watoto, ambazo zimefuliwa, zikalowekwa, zikachemshwa, zikaanikwa, nazo zingali na rangi ile ile hadi kwenye kifundo cha mguu. Akiniuliza afisa wa forodha, nitamwambia kwamba zilinunuliwa hivyo Kauai, na kwamba hazikuwa za bei rahisi.